Bandari za Wanja

Wanja alimpata mama yake kwenye simu wakati mbaya. Wacuka alikuwa ameinama juu ya beli ya mitumba ya watoto iliyofunguliwa dakika hiyo hiyo, ameshika fulana ya manjano upande wa mabega, na mwanamke mwingine ameishika upande wa chini. Soko zima la Gikomba linajua kwamba beli ikifunguliwa hakuna undugu. Simu ikalia ndani ya mfuko wa aproni. Alipochungulia na kuona jina la bintiye, Wacuka akaiachilia fulana, na yule mwenzake akacheka kwa ushindi na kuitia kwenye gunia lake.

Kitu cha kwanza alichohisi ni hofu. Jumatano haikuwa siku ya Wanja kupiga. Msichana huyo alitandika vitanda na kuosha bafu katika meli ya watalii inayozunguka bahari ya Adriatiki wiki nenda wiki rudi, na zamu yake ilimruhusu kushuka bandarini mara mbili tu: Jumamosi Kotor, Jumapili Dubrovnik. Kwingine kote, abiria wakishuka na kofia zao kutembezwa mjini, yeye alibaki ndani akibadilisha mashuka. Intaneti ya melini ilikuwa ghali mno, kwa hivyo nyumbani walimpata akiwa nchi kavu tu.

"Mama, uko na watu?" Wanja akauliza.

Wacuka akatazama watu wa Gikomba waliokuwa wakisukumana mbele yake na nyuma yake. Akajibu kwamba hayuko na mtu.

"Niko Split. Mwenzangu amenishikia vyumba viwili nikatoka mbio, kwa hivyo nisikize tu. Hiyo Jumamosi mkiniuliza, sina jibu."

Wacuka akasema jibu gani tena, si yeye na mchumba wake Munene walikuwa wameshaelewana?

"Tulielewana kwamba nikirudi tutakaa tuzungumze. Yeye akawaambia wazazi wake, wazazi wake wakamwambia Baba, Baba akaenda kutafuta hema. Simkatai Munene, Mama. Ni kwamba sijapata hata saa moja ya kufikiri. Kazini ninasinzia nimesimama. Nikishuka ndiyo huwa ninawaonyesha nyinyi makanisa. Mwambie Baba wangoje Novemba, nije mwenyewe."

Wacuka akampisha mtu mwenye gunia. Akasema, "Tutaona." Basi mzazi wa mtaa wa Shauri Moyo akikwambia tutaona, usijisumbue kutafuta ndani yake neno ndiyo. Wanja alilijua neno hilo tangu utotoni. Akashukuru hata hivyo, akasema anakimbia, na simu ikakatika.

Hayo ya makanisa yalikuwa kweli kabisa. Kila Jumamosi na Jumapili Johnson, babake Wanja, aliisimamisha simu mezani ikaegemea chupa ya chai, akalifungua pazia la mlangoni, na majirani wakaingia na vigoda vyao. Wanja akitokea tu kwenye kioo, baba yake alisema, "Mama, geuza simu tuone." Alimwita Mama kwa sababu Wanja alipewa jina la mama mzazi wa Johnson. Wanja aligeuza simu, na Shauri Moyo wakatalii. Waliuona ukuta wa Kotor unaopanda mlima mpaka juu kabisa, wakawaona paka wa Kotor wanaolala katikati ya njia bila wasiwasi. Waliiona ile barabara ya Dubrovnik ya mawe yanayong'aa, na Benta, jirani wa mlango wa pili, akataka kujua ni nani anayeipiga deki. Mwisho wa ziara mtu mmoja alisema Wanja ameendelea, mwingine akasema Mungu ni mwema, na muda wa kushuka ukawa umekwisha. Uso wake waliuona akisema hujambo na akisema kwaheri.

Johnson alikuwa ameushika mzunguko wa meli kichwani. Jumatatu Trieste, Jumanne Zadar, Jumatano Split, Alhamisi Korfu, Ijumaa Bari. Alipokuwa akipiga randa vitanda vyake kando ya barabara, mteja akimsalimu, yeye alijibu, "Sisi leo tuko Bari." Alisema tuko, na hakuwa anatania.

*

Wacuka aliporudi nyumbani jioni hiyo, alimkuta mumewe nje na Gichuru, kaka mkubwa wa Johnson, wakipima kwa hatua ile nafasi iliyo kati ya nyumba zao na bomba la maji. Nyumba za kaunti hazina ua. Nafasi hiyo ni ya kuanikia nguo, na wenye nguo walikuwa wameombwa waanike kwingine hadi Jumapili. Gichuru alikuwa akieleza mahali wageni wa posa watakapoketi Jumamosi, na mahali televisheni ya Benta itakapowekwa, ili Wanja aonekane na wote.

Siku yenyewe ilichaguliwa kwa kuifuata meli. Eve, mdogo wake Wanja, aliutafuta mzunguko huo kwenye ukurasa wanaousoma watalii kabla ya kulipia safari, na pale pameandikwa kwamba Jumamosi meli inakaa Kotor asubuhi hadi jioni. Johnson akawaambia wakwe watarajiwa kwamba ni Jumamosi, mchana, bila shaka. Hakuna aliyefikiri kwamba yale ni maneno ya kuwavutia wenye likizo. Kwao kilichoandikwa kilikuwa sawa na ratiba ya treni, na babake Johnson aliishi maisha yake yote akisikia treni kutoka kitandani.

Tatizo lilikuwa Gichuru. Siku hizi koo nyingi za Wakikuyu hula kwanza, wakamuuliza binti baadaye, wengine wasimuulize kabisa. Gichuru si mtu wa hivyo. Kwake yeye ruracio, sherehe ya mahari, ni lile swali. Binti anaitwa mbele ya wazee, kibuyu kinainuliwa, naye anaulizwa, watu hawa wameleta vitu vyao, tunywe au tusinywe? Akisema kunyweni, watu wanakula na kunywa na kuimba. Asiposema, mgeni hagusi kitu. Kwa kuwa familia ilikuwa ya kanisa, kibuyu kingekuwa na uji badala ya pombe, lakini swali lilikuwa ni lile lile.

Wacuka alimvuta mumewe pembeni. Akasema, kana kwamba wazo limemjia tu, "Baba Wanja, na je, tungemngoja mwenyewe arudi?"

Johnson akamtazama akitabasamu. Akamwambia kwamba mzee Githinji, msemaji wa upande wa kina Munene, alikuwa amempigia mchana kuuliza njia. Alipoambiwa ni Shauri Moyo, mzee akasema hapana, hakuuliza wanapopanga, aliuliza kwao hasa ni wapi, mashambani. Na Johnson alijibu kwamba kwao hasa ni hapo hapo. Alizaliwa ndani ya chumba kile, na babake alikuwa mfagiaji wa manispaa, na hakuna shamba lililobaki mahali popote. Mzee Githinji akasema basi, watakuja hapo hapo.

"Watakuja hapa, Mama Wanja," Johnson akasema. "Watu wenye kahawa na ng'ombe, watakuja kuketi kando ya bomba letu."

Alisema hivyo huku machozi yakimlengalenga, mtu mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Wacuka akakosa nguvu ya kuendelea. Akajiambia atasema Alhamisi. Alhamisi walikuja wenye hema, na Ijumaa wanawake wakaanza kumenya viazi mlangoni kwake, na kila aliyepita alimpongeza. Akajiambia pia kwamba Wanja akiona watu wote wale wamevaa vizuri kwa ajili yake, moyo utalainika. Hapo Wacuka alikosea, na ndani ya nafsi yake alijua, kwa maana siku hizo mbili hakuweza kumtazama Eve machoni.

*

Wageni walifika Jumamosi wakiimba. Kwa desturi huimba langoni, wakikataliwa kuingia mpaka waombe vizuri, lakini Shauri Moyo haina lango, basi walisimama penye bomba la maji na kuimba pale, na wanawake wa kina Johnson wakawajibu kutoka upande wa pili wa kamba za nguo. Watu wote wa nyumba za jirani walitoka kutazama. Ilipendeza kweli. Johnson alivaa koti lake la harusi, likambana mgongoni, na aliposalimiana na mzee Githinji alisahau kuuachilia mkono wake.

Waliketi. Kulikuwa na sala, kukawa na utambulisho, mmoja mmoja, mpaka kwa shangazi wa mwisho. Gichuru akaeleza kwamba binti yao yuko safarini, akawaonyesha televisheni iliyowekwa juu ya meza ya useremala na kufunikwa kitambaa cheupe, akasema meli ikitia nanga Kotor tu, watamwona na kumuuliza. Mpaka hapo, akasema, wageni wavumilie, kwa maana wao ni watu wa utaratibu. Wageni wakapiga makofi. Hawakujua wanachokipigia makofi.

Eve ndiye aliyeshika simu. Alikuwa amemtumia dada yake ujumbe tangu asubuhi, *tuko tayari*, na kando ya ujumbe huo palikuwa na tiki moja. Tiki moja maana yake haujafika. Akatuma mwingine. Tiki moja. Johnson akamnong'oneza kwamba abiria hutangulia kushushwa, wafanyakazi hufuata mwisho, na pale Kotor meli husimama mbali na watu hupelekwa ufukoni kwa boti ndogo, kwa hivyo huchukua muda. Aliwaeleza na wageni, kwa sauti, kama mwenyeji wa huko.

Jua likahama. Pilau ilikuwa tayari, mukimo ulikuwa tayari, mbuzi alikuwa amekatwakatwa na kufunikwa kwa karatasi ya foili, na upepo kidogo ulipovuma ulichukua harufu ile na kuipitisha chini ya hema, safu kwa safu. Mtoto mmoja wa wageni akaanza kulia akitaka chapati, na mamake akamfinya. Mzee Githinji, ambaye baadaye ilijulikana ana kisukari, alimuuliza Gichuru kwa adabu kubwa kama hata chai ni mpaka swali. Gichuru akasema hata chai. Shangazi mmoja akacheka kwa pua. Benta akatoka jikoni, akaangalia umati ule uliokaa kimya mbele ya televisheni nyeusi, akarudi akisema yeye hajawahi kuona mazishi yenye chakula kingi hivyo.

Eve akafungua kitu kingine kwenye simu, ile ramani inayoonyesha meli zilipo baharini. Akaikuza kwa vidole, akaikuza tena. Kisha akamwendea baba yake na kumwonyesha.

"Daddy, imepita," akasema polepole. "Cheki huu mshale. Haikuingia Kotor. Wanasema kuna upepo mbaya. Inaenda tu."

"Haiwezi kupita," Johnson akasema. "Kotor ni Jumamosi."

Akaichukua simu na kuitazama. Mshale mdogo ulikuwa nje, kwenye buluu tupu, na mdomo wa ghuba ulikuwa nyuma yake. Johnson aliendelea kuukodolea macho akingoja ugeuke. Wageni waliomzunguka wakaanza kuulizana ni nini, na jibu likapita kutoka kiti hadi kiti, kwamba meli imekataa kusimama, na lilipofika nyuma likawa ni binti aliyekataa.

Wazee wakavutana pembeni. Walipokuwa wakiongea, Wacuka, aliyekuwa amesimama na sinia mlangoni, alihisi kitu ambacho hakukitarajia: raha. Upepo ulikuwa umemfanyia kazi yake. Watu wangekula kwa huruma, wangepanga siku nyingine, Novemba ingefika, na hakuna ambaye angejua kwamba aliambiwa. Alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Wazee wakarudi. Mzee Githinji ndiye aliyezungumza, na alizungumza kwa upole. Akasema kwamba zamani binti akiwa mgonjwa, dada yake aliweza kujibu kwa niaba yake, kwa maana damu ni moja. Wametoka mbali, wana wagonjwa na watoto. Wamwombe huyu mdogo, ajibu, mambo yaishe, na siku meli ikipata nafasi mwenyewe ataarifiwa. Kila mtu akamtazama Gichuru, mtu wa utaratibu. Gichuru akalamba midomo. Harufu ya mbuzi ilikuwa imemfikia pia. Akasema kwamba, ukitazama vizuri, jambo hilo halijakatazwa.

Wakamwita Eve mbele. Shangazi mmoja akamfunika leso mabegani, mwingine akaleta kibuyu. Eve alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na alikuwa amesimama mbele ya watu wote hao na viatu vya kuazima. Gichuru akainua kibuyu, akauliza kwa sauti yake ya sherehe kama wanywe au wasinywe. Eve akafungua mdomo. Halafu, badala ya kujibu, akageuza shingo akamtafuta mama yake.

Wacuka akaweka sinia chini. Mwanamke haingilii pale, hasa mama wa binti, na alipopita katikati ya viti watu walidhani anakuja kumtia moyo mwanawe. Alifika mbele, akamvua Eve ile leso, akaikunja, akabaki ameishika.

"Msimuulize huyu," akasema. "Wanja alinipigia Jumatano. Alisema hana jibu. Hakukataa mtu. Aliomba mngoje arudi mwenyewe. Mimi ndiye sikusema."

Mtu mmoja nyuma akauliza amesema nini. Gichuru alikuwa bado ameinua kibuyu, na uji ukamchirizika mkononi.

"Mama Wanja," Johnson akaita, kwa sauti ndogo sana.

"Niliona haya," Wacuka akasema. "Nilikuona ukipima hema."

Ndipo Munene akasimama. Alikuwa kijana mtulivu, mwenye suti ya kijivu, na tangu asubuhi alikuwa hajasema neno maana bwana harusi hasemi. Akasema ni kweli. Na yeye aliambiwa wangoje. Alidhani wazazi wakishaanza, na Wanja ataingia tu katika mwendo. Akawaomba wazee wake radhi, akaketi, akafunika uso kwa mkono mmoja. Mama yake alimtazama kwa jicho ambalo lingemfuata mpaka nyumbani.

Baada ya hapo Gichuru aliirudia desturi yake yote, kwa sababu alikuwa na aibu ya kuiacha. Swali halikujibiwa, akasema, kwa hivyo mgeni hagusi kitu. Mzee Githinji hakubishana. Aliinuka kwa kujishikiza kiti, akaomba maji tu ya kumezea dawa, na Benta akamletea kwenye glasi nzuri kuliko zote. Alipomaliza akampa Johnson mkono. Akamwambia kwamba ni jambo zuri kujua binti hana jibu, kuliko kujua baadaye. Pengine alilisema kwa wema. Lakini Johnson alisikia tu wanawake wa upande ule wakipita nyuma yake wakisema kwamba hayo ndiyo matokeo ya watu wasio na kwao.

Waliondoka bila wimbo. Chakula kililiwa na Shauri Moyo, sahani kwa sahani, na watoto wa nyumba zote wakashiba mpaka wakalala juu ya viti vya kukodi. Johnson hakula. Alikunja kile kitambaa cheupe cha televisheni, akakikunjua, akakikunja tena, na mkewe alipomletea sahani alimuuliza neno moja tu, kama ni tangu Jumatano kweli. Wacuka akasema ndiyo. Johnson akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

*

Jumapili hakuna mtu wa nyumba ya Johnson aliyekwenda kanisani. Wenye hema walishakuja kulibomoa, na nguo za majirani zilikuwa zimerudi kwenye kamba. Johnson aliketi mezani na koti lile lile la jana. Wacuka alimwekea chai, nayo ikapoa mbele yake, akaibadilisha, ikapoa tena. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wagombane. Eve alikaa kitandani akijifanya anasoma.

Simu ilikuwa imeegemea chupa ya chai pale pale pa siku zote. Ilipolia, hakuna aliyesogea kwa muda, kisha Johnson akanyoosha mkono na kuigusa.

"Baba!" Wanja alikuwa akihema, nyuma yake watu wenye kofia wakipita. "Jana hatukushuka. Upepo ulikataa, nahodha akasema hakuna boti itakayoteremshwa. Abiria walilalamika mpaka usiku kwa ziara zao walizolipia. Halafu wakaanza kutapika, korido nzima, mimi ndio nimemaliza kusafisha sasa hivi. Mlikaa mkiningoja? Mlikula?"

"Hatukula," Johnson akasema.

Ni wazi Wanja alikuwa akitafuta sauti ya mama yake ndani ya chumba kile, na Wacuka akasogea kidogo ili aonekane. Akamwambia mwanawe, bila kuzungukazunguka, kwamba alikuwa hajasema, na jana ndipo aliposema, na watu wamerudi kwao.

"Wote?" Wanja akauliza.

"Wote. Munene pia. Ametuma salamu asubuhi."

Haijulikani Wanja alifikiri nini, maana mara hiyo hiyo alifanya lile alilozoea kufanya. Akageuza simu. "Ngojeni niwaonyeshe," akasema kwa haraka. "Leo nimefika mpaka huku chini ya ukuta, hamjawahi kuuona kwa huku. Muone bahari ilivyotulia. Huwezi kudhani ni ile ya jana."

Kwenye kioo kukaja ukuta mnene, wa rangi ya mkate, na buluu kali chini yake, na boti nyeupe zikiwa zimelala juu ya maji. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuwaonyesha. Hapakuwa na jirani hata mmoja wa kuiona.

"Geuza simu, Mama," Johnson akasema.

Wanja akaizungusha upande mwingine, kukaja lango la mawe na njiwa.

"Si huko. Igeuze ikutazame wewe."

Picha ikayumba, ikapita angani, ikatua usoni. Alama ya kofia ya kazi ilikuwa imemkata paji la uso. Mdomo ulikuwa umepasuka kwa ukavu, na mashavu, yale mashavu ya mamake Johnson, yalikuwa yameingia ndani. Wanja alijaribu kutabasamu, akaona tabasamu halikubali, akaacha. Johnson akaisogelea simu mpaka pua yake ikakaribia kioo. Miezi yote hiyo alikuwa ameona mawe tu.

"Umekonda," akasema.

"Ni chakula tu, Baba. Na usingizi."

"Una muda gani hapo?"

Akajibu kwamba anatakiwa melini karibuni, labda nusu saa, pamoja na kutembea.

"Basi itie simu mfukoni. Usituonyeshe kitu. Tembea, au kaa tu hapo kwenye jiwe. Ukitaka kulia, lia, ukitaka kumfikiria Munene, mfikirie. Novemba utakuja, tutakuuliza hapa ndani, mimi na mama yako. Ukisema tunywe, tutakunywa. Ukikataa, mimi chai yangu ninayo."

Wanja alikuwa analia tayari, bila sauti, macho wazi. Akauliza, "Na majirani?"

"Majirani washaiona Dubrovnik," Johnson akasema, na akaikata simu yeye mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata mara moja.

Wacuka akachukua kikombe chenye chai iliyopoa, akaimwaga, akamimina nyingine. Safari hii Johnson alikunywa. Akala na kipande cha chapati ya jana, akitazama mbele, na alipomaliza akasukuma sahani kidogo kuelekea kwa mkewe ili naye achukue. Eve akaacha kujifanya anasoma.

Pazia la mlangoni likasogea. Alikuwa Benta na kigoda chake, amevaa nguo za kanisani, na nyuma yake mwingine mmoja au wawili wakichungulia. Walikuwa wamejadiliana nje kama inafaa kuja baada ya yale ya jana, wakaona kutokuja ndiko kutaleta maneno.

"Tumechelewa?" Benta akauliza. "Leo tuko wapi?"

"Sisi tuko hapa Shauri Moyo," Johnson akasema. "Wanja ndiye yuko Dubrovnik. Ingieni, kuna chai."